Aliyekaa nyuma ya dramu

BARAKA: Karibuni tena. Leo hatuna mgeni, tuna barua. Imetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, anapiga dramu kwenye kwaya. Ametupangia albamu za roki ya majaribio kwa kipimo chake mwenyewe.

ZUHURA: Kipimo gani?

BARAKA: Nakusomea. "Albamu hizi zinadumu pale tu mpiga dramu anapokuwa na la kusema. Asipokuwa nalo, mnabaki na kelele za watu waliopewa studio na muda mwingi."

ZUHURA: Heee! Mtu wa kwaya huyo.

BARAKA: Namba moja kaipa Tago Mago ya Can, wale Wajerumani wa Cologne, 1971. Na hataki mjadala.

ZUHURA: Hapo mimi sibishani. Jaki Liebezeit, mpiga dramu wao, alitokea kwenye jazi huru, ule muziki wa kila mtu kushika njia yake, akachoka nao. Akageukia kurudia, kurudia, kurudia. Kuna wimbo mle umejaza upande mzima wa santuri, dakika 18 na ushee, na jamaa hatetereki. Halafu usisahau kilichofuata baada ya kupiga. Holger Czukay, wa besi, alikuwa anachukua kanda za saa nyingi walizopiga bila mpango, anakata, anaunga. Sasa kanda utaiungaje kama mdundo unakimbia hapa, unalegea pale?

BARAKA: Kwa hiyo unakubali.

ZUHURA: Kwa hiyo hoja anayo. Ila muulize upande wa tatu wa albamu hiyohiyo. Pale ni miguno na mwangwi tupu, dramu inakuja kujitokeza mwishoni mwishoni.

BARAKA: Kaandika. Anasema upande huo huwa anauruka.

ZUHURA: Anauruka! Basi namba moja yake anaisikiliza robo tatu.

BARAKA: Muache bwana. Namba mbili ni Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, 1969. Mimi nikiri, nyimbo 28 zile sijawahi kuzimaliza kwa mkao mmoja. Yeye anatetea kwa sababu ya John French, mpiga dramu.

ZUHURA: Anastahili. Beefheart alikuwa anagonga piano bila kuijua piano, French anasikiliza, anaandika noti, kisha anawafundisha wenzake nani apige nini. Mpiga dramu ndiye aliyeubeba muziki kutoka kichwani mwa mwingine hadi mikononi mwa bendi. Albamu inatoka, jina lake kwenye jalada halipo.

BARAKA: Halipo kabisa?

ZUHURA: Halikuwepo. Na hapa kwetu wapigaji wangapi wa bendi za dansi tunawajua kwa sauti tu, majina hatuyajui?

BARAKA: Tukifungua hiyo hatutoki leo. Twende Remain in Light ya Talking Heads, 1980. Anasema ni nzuri, lakini imekopa.

ZUHURA: Imekopa na wenyewe hawakuficha. David Byrne, mwimbaji wao, na Brian Eno, prodyuza, walikuwa wanamsikiliza sana Fela Kuti wa Nigeria. Wakaenda Bahamas, studio ya Compass Point, wakawa wanapiga vipande vifupi kwa mkono, wanavirudia, wanavipanga kimoja juu ya kingine. Uzuri wake ni kwamba Chris Frantz, mpiga dramu wao, hakujifanya Tony Allen, mpiga dramu wa Fela. Amepiga kizungu chake, kimenyooka, na vile vya Kiafrika vinamzunguka.

BARAKA: Yeye anasema heri ile ya Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin.

ZUHURA: Ya 2018! Kidjo ameirudia albamu nzima, na kwenye dramu kamuita nani? Tony Allen mwenyewe. Deni limelipwa na aliyekopwa. Hapo dada ananipata. Ingawa ukiniambia nichague moja ya kubaki nayo, nachukua ya 1980. Ile ya Kidjo inajua inakokwenda tangu wimbo wa kwanza. Ya kwanza ina wasiwasi, na mimi nimeupenda ule wasiwasi.

BARAKA: Sasa vita. Loveless ya My Bloody Valentine, 1991, anaiita "godoro zuri lisilo na kitanda."

ZUHURA: Kwa sababu ya dramu za kuunganishwa?

BARAKA: Ndiyo. Colm Ó Cíosóig, mpiga dramu, alikuwa mgonjwa, Kevin Shields wa gitaa akachukua vipande vya upigaji wake akavipanga kwa mashine. Sehemu kubwa ya albamu iko hivyo.

ZUHURA: Naijua habari hiyo, na bado nakataa. Shields anapiga gitaa huku ameshika kile chuma cha kupindisha nyuzi, kila kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, inayumba. Kama na dramu ingeyumba, ungesikia nini? Ile dramu iliyokauka ndiyo inakuonyesha magitaa yanavyoogelea.

BARAKA: Na Kid A? Anasema Radiohead mwaka 2000 walimstaafisha mpiga dramu wao, Phil Selway, bila barua.

ZUHURA: Amezidisha. Wimbo ule wa mashine anaousema, Idioteque, mdundo wake Jonny Greenwood wa bendi hiyohiyo aliutengeneza kwa sintesaiza, mashine ya kuunda sauti, na kodi zimetoka kwenye muziki wa kompyuta wa Paul Lansky, wa 1973. Ni baridi, sawa. Lakini mtu anaimba habari za kukimbilia kujificha, wewe unataka dramu ya joto ya nini?

BARAKA: Hilo nitamfikishia kama lilivyo. Ya mwisho ni Spirit of Eden ya Talk Talk, 1988.

ZUHURA: Kaiweka mwisho?

BARAKA: Mwisho kwa maana ya aliyoihifadhi. Anasema Lee Harris, mpiga dramu wao, ni mwalimu wake.

ZUHURA: Studio iliwekwa giza, maikrofoni ikakaa mbali na dramu, unasikia chumba kizima kikipumua. Na Harris hajaacha utundu. Kwenye albamu ya mwimbaji Beth Gibbons ya 2024 amepiga hadi sanduku lililojaa mapazia. Laughing Stock, albamu yao iliyofuata, hakuitaja?

BARAKA: Hapana.

ZUHURA: Ajabu. Ya 1991, Harris kashika mdundo mmoja karibu dakika 10, mara mbili kwenye albamu moja. Mwambie atuandikie tena. Hiyo hata upande wa kuruka hauna.