Sambaza, nukta na koma

FURAHA: Leo tunaongelea namna ya kuandikia watengenezaji ripoti ya hitilafu ya programu ya kompyuta. Jumanne mama mdogo ananiandikia: "Furaha, mashini inakatala." Basi. Na picha.

PASCAL: Picha ya kioo cha kompyuta?

FURAHA: Ya besheni la sambaza, wale samaki wadogo! Kioo kiko pembeni, nusu, kinamulikwa na taa. Paka naye yumo.

PASCAL: Sambaza mbichi ao kavu?

FURAHA: Yaya Pascal, tusianze.

PASCAL: Ripoti inataka maelezo kamili.

FURAHA: Kavu. Anaziuza soko la Kadutu, Bukavu, mtoto wake anaandika kilo kwenye jedwali la kompyuta. Jumla inatoka ndogo, mama akaanza kushuku mizani ya wavuvi. Nikamuuliza: umefanya nini, ulitarajia nini, umepata nini? Akajibu: "Nimefanya kazi, nilitarajia faida, nimepata hasara."

PASCAL: (anacheka) Huyo apewe kipindi. Na wavuvi wamesingiziwa bure! Unajua sambaza si wa asili ya Ziwa Kivu? Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, miaka ya 1950 ikielekea mwisho. Kwa hiyo babu yangu alizaliwa ziwa likiwa halina...

FURAHA: Wanaotusikiliza wanamjua babu yako. Nikapanda Kadutu. Jedwali jipya, tupu. Kisanduku cha kwanza 12,5. Cha pili 12.5. Nikajumlisha kwa SOMME, amri ya kujumlisha kwa Kifaransa. Jibu: 12,5.

PASCAL: Programu iko kwa Kifaransa, inataka koma. Ya nukta imeisoma kama maneno, na SOMME inaruka maneno. Ungeona kwa macho: namba zimeegemea kulia, maneno kushoto.

FURAHA: Mtoto amezoea nukta ya simu.

PASCAL: Lakini hapo umefanya vizuri. Mtu aliye mbali anarudia hatua zako, anaona kile ulichoona. Faili lote la sambaza la nini?

FURAHA: Nimeshawatumia watengenezaji.

PASCAL: Umetuma? Dada, hiyo si hitilafu! Ni mpangilio wa lugha ya programu. Wataifunga ripoti yako, na wamepoteza muda, wengine wanafanya bila mshahara.

FURAHA: Programu inatoa jumla ya uongo bila kusema kitu, na si hitilafu?

PASCAL: Imefanya ilivyoandikwa kufanya.

FURAHA: Basi ilivyoandikwa ndipo penye kosa. Iweke hata alama nyekundu!

PASCAL: Bugzilla, tovuti ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ya kupokea ripoti, ina aina zake: kuna hitilafu, kuna uboreshaji, kuna kazi. Yako ni uboreshaji.

FURAHA: Mama amegombana na wavuvi, wewe unaita uboreshaji?

PASCAL: Ugomvi hauandikwi kwenye ripoti.

FURAHA: Mimi nimeuandika.

PASCAL: Eeh! Na paka?

FURAHA: Paka hapana. Lakini hasara ndiyo inamwonyesha fundi uzito wa jambo.

PASCAL: Inamchosha. Atasoma mistari ya sambaza kabla ya kufika kwenye nukta.

FURAHA: Hatua nimeziweka juu kabisa.

PASCAL: Bado ni mpangilio.

FURAHA: Bado ni hitilafu.

PASCAL: ... Tumebakiza dakika moja. Tulipanga kuongelea pia namba ya toleo la programu, kutafuta kama mwingine ameshairipoti...

FURAHA: Na hitilafu za usalama.

PASCAL: Hiyo isiachwe: ukigundua mlango wa wezi, usiutangaze hadharani, waandikie watengenezaji kwa siri kwanza. Mengine hatuna muda nayo.

FURAHA: Aksanti kwa kutusikiliza. Yaya, wakinijibu nakutumia.

PASCAL: Wakiifunga pia unitumie.