Faili kwanza, godoro baadaye

IDI: Karibuni tena. Leo tunazungumzia kumtoa ndugu maskani, yaani kijiweni kwa wanaotumia heroini. Da Zuhura, umekubali kusema ya nyumbani kwenu.

ZUHURA: Mdogo wangu mwenyewe ameniruhusu. Maskani yao iko nyuma ya nyumba yetu, Temeke. Asubuhi alikuwa anakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na akirudi lazima apite pale. Wanamwita kwa jina, wale wa pale. Wengine amesoma nao.

IDI: Na ukipaona tu, mwili unakumbuka. Kuna mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia askari waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Waliokuwa wamenasa kwenye heroini kule, mwaka wa kwanza nyumbani ni kama 5 tu kati ya 100 waliorudia uraibu. Muuzaji, wenzao, vita yenyewe, vyote walikuwa wameviacha nyuma.

ZUHURA: Mama hayo hakuyasoma, lakini aliyajua. Akamkatia tiketi, kwa bibi, kijijini huko Muheza. Kaka Idi, hakuna aliyefikiria dozi! Methadoni inanywewa kila siku, mbele ya mhudumu, na kule kliniki haikuwepo. Siku ya tatu arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ikamkamata. Anatapika, mifupa inauma, usiku halali. Bibi akadhani malaria. Siku ya sita kijana akapanda basi akarudi.

IDI: Maskini. Ulikuwa unamponya kwa mkono mmoja, mwingine unamnyang'anya dawa.

ZUHURA: Ndivyo. Na aliporudi alikwenda moja kwa moja maskani.

IDI: Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Mtu akikaa wiki au miezi bila unga, yaani heroini, mwili hauhimili tena kipimo chake cha zamani. Kete zilezile, vile vipakiti vya unga alivyozoea, zinaweza kumkatisha pumzi. Wasikilizaji, ukimkuta anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, ukimtikisa haamki, usiseme amelala. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

ZUHURA: Mara ya pili tulikwenda kliniki kwanza, tukamuuliza muuguzi: tukimhamishia kwa mjomba, Kinondoni, dozi atanywea wapi? Wakamwandikia uhamisho. Faili likatangulia, godoro likafuata. Laini ya simu tukabadilisha, maana wauzaji wanapiga, na wanakopesha.

IDI: Na huko kwa mjomba anafanya nini kutwa?

ZUHURA: Mjomba ana karakana ya useremala. Akitoka kliniki anapiga msasa mpaka jioni. Mchana ndio ulikuwa unamshinda, siyo usiku. Hakuwa na pa kukaa wala wa kuzungumza naye isipokuwa walewale.

IDI: Ameshakuja nyumbani?

ZUHURA: Sikukuu ya Idi. Mama alipika pilau tangu alfajiri. Kijana akanipigia akiwa bado kwenye daladala: "Dada, njoo unipokee kituoni. Tupite njia ya msikitini."

IDI: Ile ndefu.

ZUHURA: Ile ndefu. Nikaenda.