Kwa Nini Tunasoma Riwaya za Mapenzi Ilhali Mwisho Tunaujua

Mabibi na mabwana, wasomaji wenzangu, asanteni kwa kuja na kwa kunipa nafasi hii.

Kila msomaji wa riwaya za mapenzi amewahi kuulizwa swali moja, na mara nyingi anayeuliza ni mtu wake wa karibu: "Wewe nawe! Tangu ukurasa wa kwanza unajua hawa wawili wataishia pamoja. Sasa unasoma nini?" Huulizwa kwa tabasamu, lakini ndani yake mna hukumu. Muulizaji anachukulia kwamba hadithi ni kitendawili, na kitendawili kikishateguliwa hakina kazi tena. Nataka tulichukue swali hilo kwa uzito wake wote, kwa sababu naamini jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini riwaya hizi, pamoja na ndugu zake riwaya za makuzi, yaani zile zinazomfuata kijana akikua mpaka kuwa mtu mzima, zinatushika kwa namna ambayo hadithi nyingine hazituwezi.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Janice Radway, alichapisha kitabu kuhusu wanawake waliokuwa wakinunua riwaya za mapenzi kwa ushauri wa muuzaji mmoja wa vitabu waliyemwamini. Alikaa nao, akawahoji, akawasikiliza. Miongoni mwa aliyoyakuta ni kwamba wako waliosoma kurasa za mwisho kwanza, kabla hawajakubali kukisoma kitabu chenyewe. Walitaka kuhakikisha mwisho ni mwema. Watu wengi wakisikia hivyo huona ni udhaifu. Mimi naona wanawake wale walikuwa wasomaji makini sana. Hofu ya kujua kama mambo yatakuwa salama au la hula nguvu nyingi za msomaji. Ukiiondoa, macho yanabaki huru kutazama mambo madogo: nani amenyamaza, nani amejibu haraka mno, nani amekumbuka jambo ambalo mwenzake alilisema mara moja tu, tena kwa kupitia. Taharuki haijafa, imehama mahali. Badala ya kuuliza kama hawa wawili watakuwa pamoja, tunauliza wanapaswa kwanza kuwa watu wa namna gani ndipo waweze kukaa pamoja bila kuumizana.

Na swali hilo, ukilitazama vizuri, ni swali la makuzi. Ndiyo maana sizitenganishi aina hizi mbili. Maduka ya vitabu yanaziweka kwenye rafu tofauti kwa urahisi wa biashara, lakini riwaya nzuri ya mapenzi ni riwaya ya makuzi ya watu wawili kwa mpigo.

Jambo hili si geni. Chukueni Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813. Ina sura 61. Darcy, bwana tajiri, anamposa Elizabeth, mhusika mkuu, katika sura ya 34, yaani katikati tu. Kama kiini cha hadithi ya mapenzi kingekuwa kuposwa, kitabu kingeishia hapo. Elizabeth anakataa, tena kwa maneno makali. Kesho yake Darcy anampa barua, anaisoma akitembea peke yake njiani, anairudia, anaanza kuona jinsi alivyowahukumu watu kwa kufuata kilichompendeza kusikia. Katika sura ya 36 anakiri kwamba mpaka dakika ile hakuwa akijijua. Angalieni mahali linapotokea hilo: mwanamume hayupo. Tukio kubwa kabisa la mapenzi katika kitabu kile linamkuta mtu mmoja akiwa na karatasi mkononi. Kilichobaki, sura 25 nzima, ni kazi ya wote wawili kuishi sawasawa na walichokigundua.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Mwaka 2018 Sally Rooney wa Ireland alitoa Normal People. Connell na Marianne wamekulia mji mmoja mdogo, na mama yake Connell hufanya kazi ya usafi nyumbani kwa kina Marianne. Wanafika chuo kikuu Dublin, wanapendana, na kijana karibu kila usiku analala kwa msichana. Kiangazi kinakaribia, kazi yake inapungua, kodi ya chumba hawezi kuilipa. Suluhisho liko mbele yake: amwombe Marianne akae kwake. Anataka kusema hivyo, na msomaji anamwona akilizungusha neno mdomoni. Anachokisema hatimaye ni kwamba ataondoka kwa msimu huo, kisha anaongeza kwamba bila shaka Marianne atapenda kuwa na watu wengine. Marianne, ambaye nyumbani kwao amefanywa aamini kwamba hastahili kupendwa, anasikia kwamba anaachwa, naye anakubali kwa utulivu. Wameachana. Hakuna aliyetaka.

Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi, na bado unaniuma. Hakuna adui pale. Hakuna mzazi aliyekataza wala barua iliyopotea. Kuna aibu ya fedha upande mmoja, na upande wa pili kuna mazoea ya kutegemea kuumizwa. Na kwa kuwa mwandishi anatupitisha zamu kwa zamu katika fikra za huyu na za yule, sisi ndio tuliopewa ukweli wote. Wao kila mmoja ana nusu. Hapo ndipo inapotoka ile hali ambayo wengi wenu mnaijua, ya kutamani kuingia kitabuni na kupiga kelele: mwambie!

Nina kipimo ninachokitumia kwa sehemu ile ambayo mashabiki wote wa riwaya za mapenzi wanaitambua, inayokuja kitabu kikikaribia kwisha, pale wapenzi wanapotengana kabla ya kurudiana. Wako wasomaji waliochoka nayo kabisa, nami nawaelewa, kwa sababu mara nyingi imeandikwa vibaya. Mwanamke anamwona mpenzi wake amemkumbatia mtu, anakimbia, hapokei simu kwa kurasa arobaini, kumbe yule alikuwa dada mtu. Husemwa kwamba kosa la hadithi kama hiyo ni kuwa sentensi moja ingemaliza ugomvi. Lakini hata Connell na Marianne sentensi moja ingewatosha! Tofauti iko kwingine. Katika kitabu dhaifu sentensi haisemwi kwa sababu mwandishi amewaziba watu midomo, bado anahitaji kurasa. Katika kitabu imara haisemwi kwa sababu mtu huyu, kwa jinsi alivyolelewa na anavyojiona leo, hana uwezo wa kuitamka. Siku atakapoweza kuitamka amekua, na kitabu kina haki ya kufungwa.

Kwa hiyo sijali mno kama mbinu ni ya zamani. Maadui wanaogeuka wapenzi, wapenzi wa kale wanaokutana tena, marafiki wa miaka mingi, uchumba wa kuigiza: zote zimetumika, zitatumika tena. Hiyo ya uchumba wa kuigiza naipenda kwa namna ya pekee, kwa sababu inampa mtu mwoga kificho. Akiwa anaigiza anaweza kumshika mwenzake mkono mbele ya watu na kumsifu waziwazi, na akasema ukweli wote akidhani anadanganya.

Nikirudi kwenye makuzi, kuna jambo la usimulizi ambalo hatulizungumzii vya kutosha. Katika Great Expectations ya Charles Dickens, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1860 na 1861, Pip ni mtoto aliyelelewa na mhunzi mwema aitwaye Joe. Pip anapata fedha, anahamia London, anajifunza adabu za watu wakubwa. Siku moja Joe anakuja kumtembelea. Hajui aiweke wapi kofia yake. Anaiweka pembeni kabisa ya rafu iliyo juu ya meko, inaanguka, anairukia, anairudisha, inaanguka tena. Anachanganya majina, mara anamwita Pip kwa jina, mara anamwita bwana. Pip amejaa hasira na haya. Lakini anayetusimulia ni Pip mtu mzima, na huyo anatuambia kwamba kosa lote la siku ile lilikuwa lake, ila wakati huo hakuwa na akili wala moyo wa kuliona. Sauti mbili zimo katika sentensi moja: kijana anayeona haya kwa ajili ya Joe, na mtu mzima anayejionea haya mwenyewe.

Riwaya nyingi za vijana za leo zimeiacha sauti ile ya pili. Husimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo: naamka, namwona, nalia. Wapo wahakiki wanaosema huo ni umaskini wa mbinu. Sikubaliani nao. Mtu mzima anapoondolewa kwenye masimulizi, nafasi yake inabaki wazi, na anayekuja kuijaza ni msomaji. Binti wa miaka 16 anatuambia kwamba rafiki yake wa chanda na pete amembadilikia na kwamba hajali hata kidogo. Sisi ndio tunaojua kwamba anajali kuliko kitu chochote duniani. Msomaji wa rika lake anaweza asiligundue hilo mpaka aje akirudie kitabu baada ya miaka kadhaa. Ndiyo sababu nawasihi msivigawe vitabu mlivyovipenda ujanani. Virudieni. Mtakuta mtu ambaye zamani alikuwa pale kama kivuli tu, pengine mama wa mhusika, anaanza kusikika.

Na si kila makuzi hufika salama. Katika Kiswahili tuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Rosa analelewa na baba mkali anayemfungia kila mlango wa kufahamiana na wavulana. Anapokwenda masomoni uhuru unamjia wote kwa mara moja, naye hajawahi kufundishwa kuutumia, na mwisho wake ni wa kuhuzunisha sana. Naitaja hapa kwa sababu kuna wanaodhani hadithi za mapenzi ndizo zinazowaharibu vijana. Kezilahabi alionyesha hatari iliyo upande wa pili: ukimya. Kijana ambaye hajawahi kusikia mtu akikataa kwa upole, akikubali kwa hiari, akiomba radhi bila kujitetea, ataanzia wapi? Riwaya nzuri za mapenzi za siku hizi zinayaonyesha mambo hayo hatua kwa hatua, hata katika matukio ya faragha, ambapo mmoja anauliza na mwingine ana nafasi halisi ya kusema hapana.

Niseme pia kuhusu machozi, maana wengi tunazipenda riwaya hizi kwa sababu zinatutoa machozi. Nimejichunguza, nikawauliza na wenzangu, na naona tunalia mahali tusipotarajia. Kifo hutuhuzunisha, ndiyo, lakini mara nyingi tunakisoma macho makavu. Kinachotuvunja ni wema unaokuja baadaye. Mhusika amefiwa, amejikaza, amepanga mazishi, amewajibu watu wote vizuri. Kisha mtu asiyetegemewa anafika, hasemi lolote la maana, anaanza kuosha vyombo vilivyorundikana. Hapo ndipo mhusika anapoanguka, nasi tunaanguka naye. Mwandishi anayelijua hilo hatumii nguvu kututoa machozi. Huweka vyombo vile mapema, kurasa nyingi nyuma, akavitaja mara moja tu.

Limebaki suala la miisho, ambalo najua litaleta mjadala leo. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kinazitambua riwaya hizo kwa mambo mawili: hadithi ya mapenzi iwe ndiyo kitovu, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Kwa kipimo hicho Normal People haimo, maana mwishoni Connell amepata nafasi ya kwenda New York, na Marianne anamwambia aende. Dickens naye aliandika mwisho ambao Pip na Estella, msichana aliyempenda tangu utotoni, wanaachana moja kwa moja, kisha kwa ushauri wa rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, akaubadilisha ili uwape wasomaji matumaini. Mpaka leo watu wanagombana kuhusu upi bora.

Mimi nasimama na mwisho wa kwanza wa Dickens, na nasimama pia na Marianne anapomwambia Connell aende. Msichana aliyekubali kuachwa kimya kimya kiangazi kile sasa anamwachia mtu aondoke akijua anapendwa. Kwangu huo ni mwisho mwema kamili, hata kama hakuna harusi. Lakini nawaona hapa wapo wanaotikisa kichwa, na najua hoja yao ina nguvu: msomaji aliyeahidiwa furaha ana haki ya kuipata, na wale wanawake wa Radway wangekirudisha kitabu hicho rafuni. Basi tuanze na nyinyi. Aliye tayari kumtetea Bulwer-Lytton achukue kipaza sauti.