Kupunguza Volti za Prosesa Katika Kompyuta za Zamani

Ndugu mafundi, wanafunzi, na ninyi wenye vibanda vya kuchapa na kudurufu hapa Mbeya: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie joto la kompyuta za mezani za zamani, nami nitashika jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita, yaani volti zinazoingia kwenye prosesa, ile chipu inayofanya mahesabu yote ya kompyuta.

Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi, ambao karibu wote hugeuka kuwa joto, hufuata kasi yake na mraba wa volti zake. Tafadhali lishikeni hilo neno mraba. Ukipunguza kasi kwa sehemu moja ya kumi, umeme wa kazi hupungua kwa sehemu moja ya kumi. Ukipunguza volti kwa kiasi hichohicho na kasi ukaiacha ilivyo, hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Prosesa yangu ya Core 2 Duo E8400, aina iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa ikipewa volti 1.25, nami niliishusha hadi 1.10. Gawanyeni, kisha zidisheni jibu kwa lenyewe: mtapata 0.77, yaani umeme wa kazi umebaki kama asilimia 77 ya ule wa awali, na kasi ni ileile ya gigahezi 3.

Ziada hiyo ya volti imetoka wapi? Prosesa za kundi moja hazilingani, kwa hiyo kiwanda huweka akiba ili hata iliyo dhaifu, katika chumba chenye joto na kwa umeme usiotulia, isikwame. Anayepunguza volti anaitafuta akiba ya prosesa aliyo nayo mkononi, wala hawezi kuazima namba ya jirani.

Sisi wa nyanda za juu tuna sababu ya ziada. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15, hivyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Baridi ya Juni na Julai hutufidia, lakini vumbi la kiangazi huziba mapezi ya kipoza joto. Basi puliza vumbi kwanza, badilisha dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, ndipo uguse volti.

Nakili mafaili yote pembeni, ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao mama unaofunguliwa kompyuta inapowaka, shusha kidogo kidogo, mathalani volti 0.025 kila mara, kisha iendeshe prosesa kwa programu ya mahesabu mazito kama Prime95. Ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya ubao mama kwa dakika chache, na mipangilio itarudi ya kiwandani. Mashine nyingi za maofisini hazina kipengele cha kubadili volti kabisa. Hizo zitatosheka na usafi.

Kinachonitia hofu ni mashine inayowaka ikiwa na kasoro. Yangu, kwenye volti 1.075, iliwaka vizuri na kufungua barua bila kusita, lakini baada ya dakika arobaini Prime95 ilitoa taarifa ya hesabu isiyo sahihi. Kosa kama hilo lingeweza kuharibu faili la mkataba wa mteja bila mtu kujua. Nilirudi 1.10, nikaiacha ihesabu usiku kucha, na asubuhi hapakuwa na kosa hata moja.