Kipandauso, homoni na daftari la dada Rehema

SALMA: Karibuni tena jamani, mimi Salma, niko na dada yangu Rehema kama kawaida, na leo dada amekuja na daftari, mkisikia kurasa zinafunuliwa huko nyuma msishangae maana ndo kazi yetu ya leo, tunaongelea kipandauso kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi. Dada, shikamoo.

REHEMA: Marahaba mdogo wangu. Daftari lina miezi mitatu hili. Mi nina miaka 47, kipandauso ninacho tangu nikiwa binti, lakini zamani nilikuwa nakijua, kinakuja siku moja kabla sijaona siku zangu, kinanilaza siku mbili, kinaondoka, basi mpaka mwezi ujao. Sasa tangu mwaka juzi hakina ratiba tena, siku zangu zenyewe hazina ratiba, mara siku 23, mara siku 40, na kichwa kinanikamata wakati wowote, upande mmoja unagonga hivi kama mtu ana nyundo, natapika, mwanga sitaki, sauti ya watoto sitaki, hata harufu ya sabuni sitaki.

SALMA: Na ulishaenda kuonwa.

REHEMA: Nilienda, sitasema wapi, nikaambiwa ni mawazo, mama pumzika, nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi nyumbani. Nililia njia nzima. Maana mtu unajiona kama unadeka, na wewe unajua kabisa kwamba kitu kimebadilika mwilini.

SALMA: Pole sana dada, na hilo ndo lililonifanya niseme lazima tuliongelee. Mi ni nesi, nimekaa na wanawake wengi wa umri wako na wengi wanakuja na stori hiyohiyo, walikuwa wanajimudu halafu wakifika 40 na kitu kichwa kinachachamaa, na hakuna aliyewaambia kwamba kichwa na homoni vina uhusiano. Vina uhusiano, tena wa karibu kabisa. Wanawake wanaopata kipandauso ni kama mara tatu ya wanaume, na tofauti hiyo inaanza kuonekana wasichana wakivunja ungo, kwa hiyo homoni zimo kwenye hii habari toka mwanzo.

REHEMA: Sasa mi nilikuwa nafikiri ni kwa sababu homoni zinapungua. Estrojeni, ile homoni ya kike, inaisha, ndo kichwa kinauma.

SALMA: Hapo ndo watu wengi wanapopotea, naomba nipaeleze pole pole. Tatizo si estrojeni kuwa chini, tatizo ni ile kushuka. Ukishuka ngazi taratibu hauumii, ukiporomoka ndo unaumia, hata kama mwisho wa safari ni sakafu ileile. Kulikuwa na daktari wa mishipa ya fahamu Australia, Brian Somerville, miaka ya 1970 mwanzoni, alichukua wanawake wanaopata kipandauso cha hedhi akawachoma sindano ya estrojeni kabla ya siku zao. Damu ikaja kwa wakati wake kama kawaida, ila kichwa kikachelewa, kikasubiri mpaka estrojeni ya sindano iliposhuka. Akajaribu na projesteroni, homoni nyingine ya kike, hapo ikawa kinyume, damu ikachelewa lakini kichwa kikaja siku yake ileile.

REHEMA: Ehee! Kwa hiyo kichwa kilikuwa kinaifuata estrojeni, hakiifuati damu.

SALMA: Kinaifuata estrojeni inaposhuka. Sasa fikiria umri wako, ovari, zile zinazotoa mayai, zinaelekea kuchoka lakini hazizimi siku moja kama taa, mwezi huu zinasukuma estrojeni juu kuliko hata ulipokuwa na miaka 30, mwezi ujao yai halitoki kabisa, projesteroni haipo, estrojeni inapanda na kuporomoka ovyo. Kila kuporomoka ni mlango wa kipandauso. Na mpito huu unaweza kuchukua miaka kadhaa. Tunasema umekoma hedhi ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, nchi nyingi zilizoendelea wastani ni kama miaka 51, ila kila mtu na wake.

REHEMA: Na baada ya hapo?

SALMA: Baada ya hapo wengi wanapata nafuu, hasa wale ambao kipandauso chao kilikuwa cha hedhi, kwa sababu estrojeni iko chini lakini imetulia. Si wote, na si siku ileile. Na kuna kitu wanawake wanaambiwa, toa tu kizazi na ovari utapona kichwa, jamani hapana, ovari zikitolewa kwa upasuaji estrojeni inaanguka ghafla na kwa wengi kichwa kinazidi. Kama kuna sababu nyingine ya upasuaji hiyo ni habari yake, lakini usikubali kufanyiwa kwa ajili ya kipandauso.

REHEMA: Mi nilishaambiwa nikapime homoni kwenye damu kwanza.

SALMA: Ukishavuka 45 mara nyingi kipimo hicho hakikusaidii kitu, leo kitasoma hivi, wiki ijayo vile, maana zenyewe zinayumba. Tunaangalia dalili zako na mzunguko wako. Daftari lako linasema mengi kuliko hicho kipimo, we umeandika nini humo?

REHEMA: Nimeandika siku ya damu nukta nyekundu, siku ya kichwa duara, siku ya dawa alama ya kosa. Na pembeni usiku niliokosa usingizi, ile joto la ghafla linakuja saa nane za usiku naamka shuka limelowa, siwezi kulala tena mpaka alfajiri.

SALMA: Hiyo ya usiku msiipite haraka. Joto linakuamsha, usingizi unakatika, usingizi uliokatika ni kichocheo cha kipandauso chenyewe, kwa hiyo ukitibu joto la usiku unakuta na kichwa kimepungua. Kuna dawa kama venlafaxini zinasaidia vyote viwili, joto na kichwa, na inafaa kwa mtu asiyeweza au asiyetaka homoni. Zipo na nyingine za kinga, yaani za kumeza kila siku kuzuia kichwa kisije, propranololi, amitriptilini, kandesartani, daktari anachagua kulingana na presha yako na mambo mengine. Topiramati na valproati nazo zipo ila zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na dada, mimba bado inawezekana umri huu, hedhi kuruka miezi miwili haina maana umemaliza.

REHEMA: Hilo watu wanalisahau kweli. Na homoni zenyewe, zile za kurudishia? Mi naziogopa, nasikia zinaleta kiharusi.

SALMA: Tutenganishe vitu viwili hapa, maana vinachanganywa sana na watu wanakosa msaada kwa ajili ya huo mchanganyiko. Kuna vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa, pamoja, hivyo kama kipandauso chako kinakuja na aura, yaani kabla ya kichwa unaona vimulimuli, mistari ya zigizaga, doa linakua kwenye macho kwa dakika 5 mpaka saa nzima, au ganzi inapanda mkononi mpaka mdomoni, hivyo vidonge usivitumie kabisa kwa sababu hatari ya kiharusi inapanda. Na hata bila aura, ukishavuka 35 havishauriwi. Halafu kuna homoni za kurudishia wakati wa kukoma hedhi, estrojeni yake ni ya aina nyingine na dozi ni ndogo zaidi, na ikiwa ya kubandika kwenye ngozi au ya jeli inaingia taratibu bila kupanda na kushuka kama ya kidonge. Kwa mwenye kipandauso hiyo ya ngozi ndo tunaipendelea, na kuwa na aura peke yake hakukuzuii kuitumia. Unaanza na dozi ndogo. Kama kizazi bado kipo lazima upate na projesteroni au kitanzi chenye homoni, kulinda ukuta wa kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu, huyo akae na daktari wake wapange kitu kingine.

REHEMA: Mi sina aura. Nikikaribia kuumwa napiga miayo tu, shingo inakaza, nanuna bila sababu, nyumba nzima inajua.

SALMA: Hiyo ni dalili ya awali, si aura, na ni zawadi kwa sababu inakupa nafasi ya kujipanga, kunywa maji, kutoka juani, kuweka dawa karibu. Ila kabla hatujaja kwenye dawa niseme na ya hatari. Kichwa kinachokuja kama radi, kinafika kilele ndani ya dakika moja. Kichwa na udhaifu wa upande mmoja, au mdomo kupinda, au maneno kukataa kutoka. Kichwa na homa na shingo ngumu. Na kwa umri wetu huu, kichwa kipya kabisa kinachoanza baada ya miaka 50, hasa ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele, taya inachoka ukitafuna, macho yanafifia, huyo aende siku hiyohiyo, asisubiri kesho, maana anaweza kupoteza macho. Usiseme ni kipandauso changu cha siku zote kama si cha siku zote.

REHEMA: Nimekuelewa. Sasa dawa, maana mi hapo ndo sijielewi, ninazomeza hazifanyi kazi kama mwanzo.

SALMA: Unameza nini na unameza saa ngapi?

REHEMA: Vile vya mchanganyiko, parasetamoli na kafeini na kitu kingine. Nameza nikizidiwa. Najikaza kwanza.

SALMA: Hapo kwenye kujikaza hapo. Dawa ya kipandauso inataka kuwahiwa maumivu yakiwa bado madogo, ukishaanza kutapika tumbo limesimama, kidonge kinakaa tu humo hakiendi popote. Naproxeni au ibuprofeni zinawafaa wengi na kama damu ya hedhi ni nyingi zinapunguza na damu, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Metoklopramidi kwa kichefuchefu. Na kuna triptani, kama sumatriptani, hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kipandauso hasa, si za maumivu ya kila aina, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa hatumii. Uliwahi kupewa?

REHEMA: Sijawahi hata kusikia jina.

SALMA: Miaka yote hiyo dada! Haya, lete daftari. Funua mwezi uliopita. Hesabu alama za dawa tu, siku, usihesabu vidonge.

REHEMA: Moja, mbili, tatu... sita... tisa, kumi... kumi na tatu. Siku 13.

SALMA: Na mwezi wa kabla yake?

REHEMA: Kumi na mbili. Na huu wa kwanza... kumi na moja. Aisee.

SALMA: Za mchanganyiko mpaka wake ni chini ya siku 10 kwa mwezi, triptani hivyohivyo, parasetamoli peke yake au ibuprofeni chini ya siku 15. Ukivuka kwa miezi mitatu dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Na maduara ni mangapi mwezi uliopita?

REHEMA: Kumi na saba.

SALMA: Basi vitu viwili vimekutana kwako, homoni zimefungua mlango na vidonge vinauzuia usifunge. Hujakosea kitu dada, ulikuwa na maumivu na ulipewa hivyo vidonge bila kuambiwa mpaka. Tukiviacha, kichwa kitazidi siku kadhaa za mwanzo, wengine wiki moja, ndiyo maana hutaviacha peke yako, unaacha ukiwa na daktari, na dawa ya kinga imeshaanza, na mtu nyumbani anajua.

REHEMA: Mi naogopa hizo siku za mwanzo, nisikudanganye.

SALMA: Najua. Tuchague wiki ambayo huna kazi nyingi. Mimi nitakuja kulala kwako.

REHEMA: Utakuja kweli?

SALMA: Nitakuja. Na kwa daktari twende wote Jumanne, daftari nalishika mimi, tukifika usianze na maneno mengi, mfungulie tu hizi kurasa tatu umwambie siku 13 za dawa, siku 17 za kichwa, mzunguko umeyumba, joto usiku. Halafu umuulize kuhusu kinga na triptani.

REHEMA: Ngoja niandike hapa nyuma. Kinga. Triptani. Ile ya kubandika nayo niiulize?

SALMA: Iulize. Andika ya kubandika.