Tawimto si kijito

Asanteni kwa kuja ndugu zangu. Naingia moja kwa moja kwenye mada, maana kosa hili la kuchanganya kijito na tawimto nimelisema mara nyingi na bado kila nikifungua ripoti au notisi za wanafunzi nalikuta limeandikwa vilevile. Juzi tu nimesoma makala, mtu kaandika "kijito cha Ubangi". Kijito! Jamani, Ubangi ni mpaka wa nchi, huku Jamhuri ya Afrika ya Kati, kule Kongo ya Kinshasa, na Bangui, mji mkuu mzima, umekaa kwenye ukingo wake. Maji yakijaa, mashua za mizigo zinapanda kutoka Brazzaville mpaka pale. Sasa hicho nacho ni kijito?

Shida ni kwamba watu wanadhani kijito na tawimto ni neno moja lenye sura mbili, ukichoka na moja unachukua lingine ili sentensi isijirudie. Hapana. Ukisema kijito unasema habari ya ukubwa, mto mdogo, basi. Ukisema tawimto unasema habari ya mwisho wa safari, yaani maji haya hayafiki baharini kwa jina lake, yanaingia kwenye mto mwingine na jina linaishia hapohapo. Kwa hiyo kuna kijito ambacho si tawimto kabisa, kinashuka zake kilimani kinaingia baharini chenyewe. Na kuna tawimto ambalo huwezi kuliita kijito hata ukilazimishwa, kama Madeira kule Amerika Kusini, ambao ukiuhesabu pamoja na vyanzo vyake vya Bolivia unapita kilomita 3,000, lakini unaishia ndani ya Amazon kwa hiyo ni tawimto, hakuna mjadala.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, sawa mwalimu, lakini si lazima ule mkubwa ndio uwe mto na ule mdogo ndio uwe tawi? Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana kosa lote linaanzia hapa. Chukua Mississippi. Missouri unatoka huko kwenye milima ya Montana, unakuja na tope lake zaidi ya kilomita 3,700, unakutana na Mississippi karibu na St. Louis, na ukiupima kwa urefu unaupita Mississippi wenyewe kidogo. Haya, kwa urefu Missouri ndio ungekuwa mto mkuu. Unasema basi tupime kwa maji, si kwa urefu. Vizuri, shuka chini mpaka Cairo, ile ya Illinois, Ohio unaingia pale na kwa kawaida unaleta maji mengi kuliko yale ambayo Mississippi umekuja nayo. Kwa maji basi Ohio ndio mkuu! Kwa urefu Mississippi umeshindwa, kwa maji umeshindwa, na bado jina linaloendelea mpaka Ghuba ya Meksiko ni Mississippi, na wale wawili wanabaki kuwa matawimto. Kwa nini? Kwa sababu watu ndio walioamua jina lipi liendelee, na likishachorwa kwenye ramani limekaa.

Mnasema hayo ni mambo ya Marekani. Haya njooni Rufiji. Ruaha Mkuu unatoka mbali, unapita Usangu, unapita Mtera, unapita Kidatu, safari ndefu kabisa. Kilombero ni mfupi kuliko huo lakini ndio unaoleta maji mengi zaidi. Na jina la Rufiji lenyewe linaanza pale Kilombero na Luwegu inapokutana, Ruaha unakuja kuingia baadaye. Sasa ukimwambia mwanafunzi tawimto maana yake mto mdogo, hapo atajibu nini? Atabaki anakodoa macho kwenye ramani. Mwambie afuate maji kwa kidole: yanaishia wapi? Yanaishia ndani ya Rufiji, basi yote matatu ni matawimto ya Rufiji, hata yale mawili yanayouanzisha.

Kosa la pili limejificha kwenye neno lenyewe. Tawi la mti linatoka kwenye shina linakwenda nje, si ndio? Tawimto ni kinyume, maji yanatoka kwenye tawi yanakuja shinani. Ndio maana wengi wakiona Nile inagawanyika kule Misri, mkono mmoja Rashid na mwingine Dumyat, wanaandika "matawimto ya Nile". Si matawimto hayo! Hayaleti kitu, yanatoa maji ya mto kuyapeleka baharini. Iite mikono ya delta, au sema tu mto unagawanyika mara mbili, msomaji atakuelewa vizuri sana. Nile ukishapita mji wa Atbara kule Sudan, unapoingia mto wenye jina hilohilo, haupati tena mto mkubwa wa kuuongezea maji mpaka Mediterania, ni jangwa tupu, kwa hiyo mtu anayesema matawimto ya Nile yako Misri anakuwa amegeuza mto mzima kichwa chini.

Na kwa kuwa nimeutaja mto Atbara, huo wenyewe kiangazi unakauka mpaka vinabaki vidimbwi tu, halafu mvua za Ethiopia zikinyesha unakuja kwa kishindo na tope zito. Umekauka lakini bado ni tawimto, maana njia yake ni ileile. Korongo la msimu nalo vivyo hivyo, likiwa linaishia mtoni.

Muda unanibana, haya mengine haraka haraka. Wingi: utasikia matawimto, utasikia tawimito, wengine matawi ya mto, mimi nasema matawimto na naandika "tawimto la", ila chagua moja usichanganye ndani ya ukurasa mmoja. Kagera unaingia Ziwa Viktoria, huo sema mto unaolisha ziwa, inatosha. Mambo ya ngazi za mito, yaani kuipa mito namba kuanzia vijito vya juu kabisa, alizopanga mtaalamu Strahler miaka ya 1950, nitayaacha, yanataka ubao.

La mwisho, kulia na kushoto. Usiangalie ramani, simama ukitazama maji yanakokwenda, mkono wako wa kulia ndio kulia kwa mto. Ubangi unaingia mto Kongo kutoka kulia, Kasai unaingia kutoka kushoto, na hilo halibadiliki hata ukiigeuza ramani.