Mwaka wa Idara ya Upimaji: Kabla Jiwe Halijaingia Ardhini

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa upimaji, na nyinyi maofisa wa halmashauri mliojibanza nyuma, habari za asubuhi.

Leo tunauangalia mwaka wa kazi wa upimaji ardhi serikalini, Tanzania Bara, tangu bajeti inapopita bungeni hadi ramani inapoidhinishwa. Ukiuliza mwaka ulikwendaje, utajibiwa kwa idadi ya viwanja: tumepima elfu kadhaa. Kwangu hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote. Mwaka wa mpima huharibika au hutengemaa kabla jiwe la kwanza la mpaka halijaingia ardhini.

Tuanze na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwaka wa uwandani unaanza mvua inapokatika. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Novemba kumekauka. Dar es Salaam na Pwani kuna masika, Machi hadi Mei, halafu vuli, Oktoba hadi Desemba. Sasa pigeni hesabu. Fedha ikifika Septemba, manunuzi ya saruji na nondo yakamalizika Oktoba, timu ya Dar es Salaam inaingia uwandani pamoja na vuli. Gari linanasa, mashimo ya bikoni, yaani mawe ya mpaka, yanajaa maji, zege linakorogeka tope. Kosa hili hujirudia kwa sababu ofisi hukaa ikisubiri fedha, wakati kazi nyingi za Julai hazihitaji fedha nyingi: kuhakiki kwamba mchoro wa mipango miji umeidhinishwa na unalingana na hali halisi, kukutana na wenye ardhi, kuthibitisha kwamba fidia imelipwa, na kutafuta alama za msingi, yaani alama za kudumu ambazo mahali pake panajulikana. Palipo na mtu anayedai fidia, usipeleke mashine. Jioni utaweka mawe, asubuhi utayakuta mtaroni.

Alama za msingi ndiyo nguzo ya yote. Zile za zamani zipo vileleni mwa vilima, na nyingi zimefukuliwa na watu wanaoamini Mjerumani aliacha mali chini yake. Hakuna mali, kuna zege tu, lakini imani hiyo imetugharimu sana. Kabla ya kuitumia alama yoyote, ifikie kwa miguu, uione, kisha uipime kutoka alama nyingine mbili. Kodineti, namba zinazotaja mahali pa alama, ikiwa kwenye orodha haithibitishi kwamba jiwe bado limesimama pale lilipowekwa.

Hapa lazima tukae kidogo kwenye datamu, yaani msingi ambao kodineti zote huhesabiwa kutoka kwake. Ramani zetu nyingi za zamani zipo kwenye Arc 1960, datamu iliyotokana na minyororo ya pembetatu ya tao la meridiani ya 30 linalopita magharibi mwa nchi. Kipokezi cha setilaiti, kikiachwa kilivyotoka dukani, kinatoa kodineti za WGS84, datamu ya setilaiti inayotumika dunia nzima. Kati ya hizo mbili, nukta ileile inahama karibu mita 300 kwa mstari wa kaskazini na kusini, na takriban mita 90 mashariki na magharibi. Kosa la mita 300 si la hatari sana, kwa sababu mtu yeyote ataona kiwanja kimeangukia baharini. La hatari ni la mita mbili au tatu, pale mpima anapowasha besi, yaani kipokezi kinachokaa mahali pamoja, akaiacha ijitafutie mahali yenyewe bila kuifunga kwenye alama inayojulikana. Viwanja vyote vitapangika vizuri, vipimo vya ndani vitakubaliana, daftari litapendeza. Lakini kitalu kizima kimehama. Miaka michache baadaye anakuja mpima mwingine kupima kitalu cha jirani kwa usahihi, na viwanja vinapandana. Hapo ndipo watu wawili wanapofika baraza la ardhi, kila mmoja na hati yake halali.

Kinga yake ni rahisi na inachukua nusu saa. Funga besi juu ya alama inayojulikana. Pima kimo cha antena mwanzoni na mwishoni mwa siku, ukiandika kama ni kimo cha wima au cha mshazari. Kisha peleka rova, kipokezi cha kutembea nacho, kwenye alama ya pili na ya tatu kabla hujagusa kiwanja. Tofauti ikizidi sentimita chache, simama, tafuta sababu. Usivuke kilomita 10 kutoka besi, na chini ya miembe mikubwa, inayoziba setilaiti, weka rova pembeni utumie totali stesheni, mashine inayopima pembe na umbali.

Jambo jingine linalozaa malalamiko ni skeli, yaani uwiano wa umbali wa kwenye gridi ya ramani na ule wa ardhini. Dar es Salaam ipo karibu na meridiani ya kati ya ukanda wa 37 wa UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda za nyuzi sita, ambako skeli ni 0.9996. Mita 100 za ardhini zinakuwa mita 99.96 kwenye gridi. Fundi wa uzio akija na tepu, anakuta sentimita 4 za ziada na kudai mpima kakosea. Dodoma ni kinyume: mji upo ukingoni mwa ukanda wa 36, na hata ukitoa athari ya kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, umbali wa gridi unazidi wa ardhini kwa takriban sentimita 5 katika kila mita 100. Ukisogea mashariki kuelekea Kongwa unavuka longitudo ya nyuzi 36 na kuingia ukanda mwingine kabisa. Andikeni ukanda kwenye kila faili. Kila faili!

Vimo navyo vina mtego wake. Simama ufukweni Dar es Salaam na kipokezi kisichorekebishwa, kitakuambia upo mita 25 hadi 30 chini ya sifuri, kwa sababu kinapima kutoka umbo la kihesabu la dunia, si usawa wa bahari. Hata kimo cha Kilimanjaro, mita 5,895 kwa kipimo cha 1952, kilipopimwa kwa setilaiti 1999 na 2008 kilitoka takriban 5,892. Mlima haukupungua; njia ya kupima ndiyo iliyobadilika.

Sasa mawe yenyewe. Chukueni bikoni ya zege yenye upande wa sentimita 15 na kimo cha 50, nondo ya milimita 12 katikati. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 inakula takriban kilo 3.6 za saruji, yaani mfuko wa kilo 50 unatoa bikoni 13, ukibahatika 14. Kitalu cha viwanja 20, safu mbili za viwanja 10 zilizopeana migongo, kinahitaji mawe 33, si 80, kwa sababu majirani wanachangia. Viwanja 1,000 vya namna hiyo ni mawe 1,650 na mifuko karibu 120. Anayepunguza saruji hadi mifuko 60 anapata bikoni inayovunjika kwa jembe, na gharama ya kurudi kupima upya inazidi saruji yote aliyookoa.

Uwanda ukiisha, kazi inahamia ofisini, na hapa ndipo mwaka unapokwama kimyakimya. Kwa Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, ramani isiyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani haina nguvu, hata kama mawe yamesimama yote. Jalada hurudishwa kwa mambo madogo: jina la jiwe kwenye daftari halifanani na la kwenye mchoro, eneo la kiwanja halilingani na kodineti, ushahidi wa kufunga kwenye alama za msingi haupo. Kwa hiyo ukisikia "tumepima viwanja 5,000", uliza vingapi vimeidhinishwa.

Kazi nyingine za idara nazitaja tu: kuhuisha ramani za 1:50,000, kukagua mipaka ya kimataifa na nchi nane tunazopakana nazo, na kupima mipaka ya vijiji, ambako majirani wasipokubaliana na kusaini, hakuna mashine itakayosaidia.

Nimepewa karatasi yenye swali: jiwe limepotea, nani analirudisha? Si fundi, wala si jirani kwa kupima kutoka ukuta wake. Mpima anachukua ramani iliyoidhinishwa, anatafuta angalau mawe matatu yaliyobaki ya kitalu hichohicho, anayalinganisha yenyewe kwa yenyewe, ndipo anapokokotoa lilipokuwa la nne. Kisha, kabla ya kumwaga zege jipya, anachimba taratibu kwa sentimita 30 au 40. Mara nyingi jiwe la zamani liko palepale chini ya kifusi.